Mapipa ya Bwana Nzige

Kwa siku ya tatu mfululizo, Asukile alipanda mti, akawatazama mamia ya korongo kwenye ziwa dogo nyuma ya vichaka, wengine wamejilaza kwa shibe, akashuka na kusema hakuna hata mmoja.

"Wewe hapana ona kitu?" akauliza Bwana Nzige. Ndivyo walivyomwita Mzungu aliyetumwa bonde la Rukwa kuua nzige kabla hawajavamia mashamba.

"Sijaona, bwana. Twende upande ule."

Uongo ule ulikuwa mtamu kuusema. Kazi ya Asukile ilikuwa kutafuta korongo, maana wanapotua ndipo nzige walipo. Gari la sumu hufuata nyuma. Mwaka jana, 1954, alionyesha mahali barabara kabisa. Nzige wakafa, korongo wakala mizoga ya nzige, na wageni wale waliotoka Ulaya kwa mabawa yao wakafia majanini. Asukile aliwazika huku analia kama mtoto. Mwaka huu akaapa hafi hata mmoja.

Basi akalizungusha gari porini, mpaka dereva Ahmadi, mtu wa Iringa mjini, akawa anacheka peke yake. Nzige wachache waliowakuta waliwanyunyizia, nao wakaruka zao wazima. Bwana Nzige akailaani dawa, akakilaani kiwanda, akalilaani na jua.

Ijumaa akasalimu amri. Akaandika kwamba bonde ni safi, wakafunga mahema kurudi Mbeya. Asukile nusura acheze ngoma.

Waliposimama Mbalizi kunywa chai, uzalendo ukamshinda, akamnong'oneza Ahmadi siri yote. Ahmadi akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Kumbe tuko wawili! Ulijisumbua bure, kaka. Mapipa yale ni maji matupu. Hata mimi niliwahurumia. Sumu yote niliimwaga Jumatatu, nyie mkipiga mahema."

"We Ahmadi! Mungu akubariki!" Asukile akamkumbatia mbele za watu. "Na maji ya kujaza mapipa uliyapata wapi?"

"Nyuma ya vichaka pana ziwa dogo. Nikamwaga humo, nikachota upande wa pili." Ahmadi akajipangusa machozi ya kicheko. "Wala usiogope. Siku ile hapakuwa na ndege hata mmoja."