Muhanga na Kikuku cha Bahati

Starehe ya Muhanga ilikuwa kufukua sarafu za kale. Akanunua mashine inayolia ikinusa chuma au shaba, na mguuni akavaa kikuku cha shaba, kiwe bahati yake. Mashine ikawa inalia kila apitapo. Akachimba shamba zima asipate kitu, kisha akageukia sakafu ya nyumba.

"Baba watoto, utatuangushia nyumba," mkewe akamsihi.

"Mashine haisemi uongo."

Nyumba ikaanguka, ikawafukia mkewe na wanawe.

Matangani, jirani yake Kobe akamwambia, "Ndugu yangu, ilikuwa ikililia kikuku chako."

Muhanga akakivua, akaipitisha mashine juu ya kifusi na mashimo yote. Haikulia. Akakivaa tena kikuku, mashine ikalia, naye akaanza kuchimba.