Siku ya Kumhamisha Babu

Sururu iligonga kitu kigumu pale tulipotarajia mifupa ya Babu.

Barabara ya Tunduma inapanuliwa, kwa hiyo makaburi yanahamishwa. Mimi nilishika shuka jipya la kumfungia. Baba mdogo Lwitiko akaruka shimoni, akafukua kwa mikono. Hakukuwa na mfupa hata mmoja, ila kengele kubwa ya shaba, imejaa udongo.

"Mama, baba yuko wapi?" akamwuliza Bibi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitenge kichwani. "Mtoni, ng'ambo Zambia. Meli yao ya mvuke ilizama na mataruma ya reli. Wenzake walichoniletea ni hiyo kengele ya meli. Nyie mlikuwa wadogo, mkimwulizia kila siku. Mngelilia wapi?"

"Yaani miaka yote hii tunapalilia kengele?"

Mchungaji alifunga kitabu cha nyimbo, akakifungua tena. Wachimbaji wakanitazama mimi mwenye shuka, nami sikujua kama kengele nayo huvishwa sanda.

Nikapiga magoti, nikaipokea. Udongo ukadondoka kutoka ndani, ulimi wake ukagonga mara moja.

"Abee," akaitika Bibi, akainuka.