Makosa Yote ni ya Ruwa

Gunia lilimshuka mwenye kabuti kichwani mpaka kiunoni kabla hajageuka, na Kitsao akawa wa kwanza kupiga.

Pigo lile lilimwangusha matopeni, chini ya daraja dogo la reli, Changamwe. La pili lilivunja kitu ndani yake. Wote wanne walikisikia. Mvua ya saa kumi ilinyesha vibaya sana hata mtu asione hatua kumi mbele, na hiyo ndiyo waliyokuwa wakiingojea.

"Mshikeni miguu!"

Nzai alishika. Kamau akaushusha mpini wa sururu juu ya kabuti lile zito, mgongoni, mbavuni, tena mgongoni, akihema. Ndani ya gunia sauti ililia, "Si mimi! Jamani, si mimi!"

"Leo ndiyo unajua kusema jamani?" Kitsao akachukua nyundo, ile ya kupigilia misumari ya reli. Aliishusha mara tatu. Sauti ikakoma.

Elkana alisimama kando na fimbo yake. Alikuwa amepiga mara moja tu, begani.

"Mbona alikuwa akipepesuka njiani?" aliuliza.

"Kalewa huyo. Twende."

"Hatumtoi gunia?"

"Umtazame uso ili iweje? Twende, bwana!"

Nyapara Boga walianza kumchukia asubuhi ile tu. Kabla ya hapo walipatana naye vizuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa swali moja na jibu moja. Spana imepotea, nani? Ruwa. Taruma la chini ya reli limelazwa kombo, nani? Ruwa. Ndoo imetoboka? Ruwa, nani mwingine! Genge lilikuwa na vibarua watano, na vidole vya wanne vilielekea upande mmoja siku zote. Maskini Ruwa, mpole kupita kiasi, alikana mpaka sauti ikamkauka, na wenzake wakacheka. Mwaka mzima hivyo. Alinyimwa posho, alichapwa kiboko mara mbili, na jioni alirudi kambini akawasongea sima wale wale waliomsingizia. Ningekuwa mimi, ningewatilia mchanga.

Ndipo toroli ikaachwa relini na gari la moshi likaikanyaga. Waliiacha wao wanne, wamekimbilia tembo la mnazi huko Chaani. Asubuhi ile Boga aliwapanga mstari, akauliza, nao wakajibu kama ada. Safari hii alitikisa kichwa.

"Ruwa siku hiyo nilikuwa naye mimi, tangu asubuhi hadi jioni. Kumbe mwaka mzima mmenifanya mjinga! Kesho Bwana Mkubwa anakuja kukagua njia. Nitampa majina manne."

Kuvunja mali ya reli wakati ule ilikuwa jela, tena jela ya kuvunja mawe. Wakakubaliana kwamba Boga asiione hiyo kesho. Wa kubebeshwa kosa walikuwa naye tayari. Ruwa alikuwa kambini tangu alfajiri, peke yake, akitetemeka kwa homa, nani angemshuhudia? Na Boga hakuwa mtu wa kutafutwa. Kila alasiri alipita njia ile chini ya daraja, ndani ya kabuti lake la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani Burma, ukosi umefunika masikio, iwe mvua, iwe jua. Kabuti lile hata watoto wa Changamwe walilijua.

Hawakungoja kuitwa. Walikwenda wenyewe kituo cha polisi, mbio, wakipiga kelele kwamba Ruwa kamwua nyapara.

Sajini Wafula aliwatuma askari wawili wakaangalie maiti na kumtafuta huyo Ruwa, kisha akaketi kuandika. Alitaka yote. Nao walikuwa nayo yote.

"Alimvika gunia kwa nyuma, haki ya Mungu, nimeona kwa macho yangu," alisema Nzai.

"Alimpiga kwa mpini mpaka mbavu zikalia," alisema Kamau.

"Halafu nyundo, Bwana Sajini. Mara tatu. Mtu tuliyekula naye sahani moja!" Kitsao alitoa na machozi, mnafiki yule. Wala hawakuhitaji kubuni kitu. Walieleza kila walichokitenda, wakabadilisha jina tu.

"Mna hakika ni Ruwa?"

"Ruwa!" wakajibu kwa pamoja, bila hata kutazamana.

Walichovya dole gumba kwenye wino mmoja baada ya mwingine, wakabandika. Elkana alikuwa wa mwisho.

"Marehemu alisema lolote?" Sajini alimwuliza.

"Alisema, si mimi."

Kitsao alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa amechelewa. Sajini aliinua kalamu.

"Nyapara mzima anapigwa na kibarua wake, halafu anasema si mimi? Ajabu hii."

Nje mvua ilikuwa ikipungua, na mtu alikuwa akija mbio akikanyaga madimbwi. Akasukuma mlango, akaingia na fulana tupu, amelowa chapachapa, meno yakigongana kwa baridi. Kitsao aliruka, benchi likaanguka.

"Samahani, Bwana Sajini," alisema nyapara Boga, kisha akawaona wale wanne, uso ukamchangamka. "Afadhali mpo! Mmemwona Ruwa? Homa ilimzidi, nikamvika kabuti langu, nikamwambia ajikokote mpaka hospitali. Natoka huko sasa hivi, na hajafika."