Pete ya Noreen

Asubuhi moja ya mwaka 1965, Noreen aliingia ofisi ya simu ya Ballarat, Australia, na pete ya ndoa kidoleni. Sketi fupi tulikuwa tumeshasamehewa. Pete, hapana: ukiolewa, unafukuzwa kazi.

"We Noreen, una wazimu?" msimamizi wetu, aliyejulikana miaka yote kuwa hana mume, alimnong'oneza. "Vua kabla sijaiona!"

"Umeshaiona, madamu. Miezi minane naificha kifuani kwa uzi. Sivui tena."

Akaendelea kuunganisha simu, pete ikigonga ubao wa simu.

Nami nikavuta uzi shingoni mwangu, pete yangu ikatoka. Jirani yangu akavuta wake.

"Hata nyie!" msimamizi akasema.

Mkono wake ukapanda taratibu kwenye kola yake, ukafungua kifungo cha juu.