Jeneza la Mazoezi

Darasa la mazishi lilikuwa na jeneza lake: benchi lililofunikwa shuka la bweni. Ilikuwa zamu ya Obadia, mwanafunzi mzee kuliko wote katika chuo cha wachungaji. Asipofaulu zoezi hili, hatabarikiwa kuwa mchungaji.

"Mzee, usimcheleweshe marehemu," kijana mmoja alitania. Wengine wakacheka.

"Mpe jina lolote, kisha uzike," mwalimu alisema.

Wenzake walikuwa wamezika majina ya kubuni. Obadia alichota mchanga kwenye sahani. "Tunamrudishia Mungu mtumishi wake, Tulinagwe."

Kicheko kilikatika. Walijua kwamba hilo ni jina la mke wa Obadia, aliyezikwa wiki ya mitihani, naye hakwenda kumzika.

"Udongo mara tatu, ndugu," mwalimu alimkumbusha kwa upole. "Halafu baraka."

Obadia alimwaga mara ya kwanza, akamwaga ya pili. Mara ya tatu ngumi haikufunguka.

Kengele ya chakula ililia. Walitoka mmoja mmoja, mwalimu akiwa wa mwisho, karatasi yake ya alama haina kitu.

Obadia alibaki, ngumi bado imefumbwa. Kwa mkono mwingine alilivuta shuka taratibu, likafunika miguu ya benchi.