Raba za Gari la Maurine

"Hiyo gari itoke hapa kabla jioni," Mama Lorine alisema, beseni la nguo kiunoni. "Watoto hawana pa kuchezea, na wewe unaipaka gundi kama bibi harusi."

Ondiek hakuinua kichwa. Alikuwa amepiga magoti kando ya gari, akikwangua raba iliyooza kwenye ukingo wa mlango. Ilitoka vipande vipande, kama ukoko wa ugali.

"Mvua inakuja, jirani. Ikiingia humu ndani leo, nimeisha. Acha nizibe kwanza, halafu unitukane mpaka kesho."

Mtaa wote wa Kaloleni ulilijua gari hilo. Milango miwili, paa la turubai la kukunja nyuma. Maurine, mkewe, alilinunua kwa pesa zake za saluni, na Jumapili alilifungua paa akaenda nalo kanisani ili watu wamwone vizuri. Mwezi uliopita alifariki akijifungua. Mtoto akabaki wodini, kwenye mashine ya joto. Ondiek alirudi kutoka mazishini kijijini Ugenya, na badala ya kukaa chini alie kama watu, akaanza kuzunguka mji akitafuta raba.

Kule Grogan walimcheka. Ng'ang'a, muuza spea, alimwambia raba za gari hilo ziliisha kabla yeye hajaanza kunyoa ndevu. Mwishowe alizipata Soko la Burma, kwenye mlango wa friji mbovu ya muuza nyama. Sasa alikuwa akizikata, akizipima, akizibandika. Mikono ilifanya kazi. Yeye mwenyewe hakuonekana kuwa pale.

Mama Lorine aliweka beseni chini. Akashusha sauti, maana maneno matamu hayasemwi kwa kelele.

"Wacha nikwambie kitaa kinasema nini. Kuna leso imefungwa dirisha ya hiyo gari tangu wiki jana. Kuna ndala za mwanamke chini ya mlango. Anaingia na giza, anatoka kabla ya adhana ya alfajiri ya Majengo, kichwa amefunika. Kaburi halijaota nyasi, Ondiek. Na kwa gari ya marehemu mwenyewe?"

Ondiek aliibonyeza raba kwa kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Hata hujibu?"

"Mtoto anatoka hospitali leo."

"Na atalelewa na nani? Na huyo wako wa kiti cha nyuma?"

"Ndiyo," Ondiek akasema.

Mama Lorine alibeba beseni lake akaenda kulieneza jibu hilo nyumba kwa nyumba.

Ondiek alimwaga ndoo nzima ya maji juu ya paa. Akaingiza kichwa ndani, akapapasa viti. Akamwaga nyingine, akapapasa tena. Kisha akanawa gundi mikononi, akaenda hospitali.

Jioni mvua ilishuka kama imetumwa, na stima ikapotea, mtaa mzima ukawa giza. Kutoka mlangoni pake, Mama Lorine aliona taa ikiwaka nyuma ya ile leso. Ondiek alikuwa amesimama nje ya gari, amelowa chepechepe, akipitisha sufuria dirishani huku uso ameugeuzia ukutani. Mkono wa mwanamke ukatoka, ukaipokea.

Hapo uvumilivu ukamwishia Mama Lorine. Alijifunika mfuko wa plastiki kichwani, akavuka ua, akampita Ondiek bila salamu na kuuvuta mlango wa gari, matusi yakiwa tayari mdomoni.

Kiti cha nyuma kilikuwa kikavu kabisa. Juu yake aliketi bibi mwenye mvi, kichanga kimelala kifuani pake, sufuria ya samaki miguuni.

"Funga mlango, mjukuu wangu atalowa," alisema. "Kwa mkwe silali, mila hairuhusu, lakini hili gari ni la binti yangu. Ingia, mama, tule."