Ala Tupu

Walipomvuta Elisha kutoka majini, ala ya kisu ilikuwa bado inaning'inia kifuani mwake, na ndani hamkuwa na kisu. Ile kamba fupi ya kukifungia haikukatika. Fundo lake lilikuwa limefunguliwa kwa vidole.

Watu waliliona hilo kabla hata ya kumwona marehemu aliyekuwa naye mtumbwini.

Siku ya kuanua matanga, Elisha alikaa kwenye benchi nyuma ya nyumba ya dada yake, kijijini kando ya Bwawa la Mtera. Aliletewa ugali wa uwele na mlenda. Baadaye akaiangalia sahani, ikawa nyeupe, basi labda alikula. Hakukumbuka.

Aliyekufa ni Bartolomayo, mume wa dada yake Anyesi. Na kijiji kizima kilijua kwamba Elisha na shemeji yake walikuwa hawazikani. Ugomvi wenyewe ni mpaka wa shamba la mtama, hatua tatu tu za miguu, lakini wee! Miaka miwili hawakuamkiana. Mtumbwi wa tanga walioachiwa na mzee, baba yake Elisha, ulikuwa mmoja, kwa hiyo walivua pamoja wamenuna, Bartolomayo kwenye tanga, Elisha kwenye usukani.

Kisu alikinunua Elisha mwenyewe, Dodoma mjini, mwezi mmoja kabla. Khalidi, msimamizi wa mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa, alikuwa ametangaza kwamba hakuna mtumbwi wa tanga utakaotoka bila kisu. Upepo wa Mtera hauna adabu, alisema. Ukigeuka ghafla, kamba inamshika mtu mguu, na hapo huna muda wa kutafuta fundo.

Elisha alizunguka Soko la Majengo nusu siku. Kisu chenye ncha alikikataa: mtumbwi ukiyumba utajichoma mwenyewe au utatoboa tanga. Cha kukunja alikikataa: vidole vikilowa na baridi havikunjui kitu. Muuzaji, mama mmoja aitwaye Rukia, alichoka naye.

"Kaka, unataka kisu hakina ncha, hakikunjwi, kina meno kama msumeno. Wewe unachinja au unapasua mbao?"

"Nataka cha kukata kamba."

"Khaa! Usiseme hivyo na asubuhi hii," alisema Rukia, maana kukata kamba ni kufa. Akamfungia haraka aende zake.

Elisha alikivaa kifuani, mahali ambapo mkono wowote ungekifikia, akakifunga kwenye ala kisije kikamponyoka. Bartolomayo aliwauliza wavuvi wengine, kwa sauti ya kusikika, kama kuna mtu anakwenda kuvua perege au anakwenda jeshini. Watu walicheka.

Jumamosi ile upepo uligeuka kweli. Khalidi alikuwa ufukweni, karibu kabisa, akaona yote. Aliyasimulia msibani mara nyingi hata watoto wakayakariri. Kamba ya tanga ilimzunguka Bartolomayo mguu. Mtumbwi ukalala upande. Elisha akachomoa kisu.

"Nimeona kwa macho yangu haya," alisema Khalidi. "Marehemu kanyoosha mkono, hivi. Shemeji yake kisu anacho. Hakumpa. Wallahi hakumpa! Ndipo mtumbwi ukapinduka."

Polisi walimuuliza Elisha kama ni kweli. Akasema ni kweli. Walimuuliza kama palikuwa na ugomvi. Akasema watu wote wanajua. Waliandika, wakamwambia watamfuata baada ya matanga wampeleke Mpwapwa. Alijua kwamba angepaswa kuogopa, ila hofu haikuja. Hata huzuni haikuja. Mwili ulikuwa umekufa ganzi tangu siku ile.

Ndugu wa marehemu walitaka afukuzwe msibani. Anyesi akawazuia.

"Ni tumbo moja na mimi. Nitamuuliza mwenyewe kwanza. Akikiri, mchukueni, na mimi sina tena ndugu."

Alasiri, watu walipopungua, alikuja akaketi naye kwenye benchi. Hakulia. Machozi yalimwishia kaburini.

"Elisha, mdogo wangu. Wazazi hawapo, mume wangu hayupo. Nimebaki na wewe tu. Niambie Khalidi ni mwongo."

"Khalidi si mwongo, dada."

"Mume wangu alikuomba kisu?"

"Aliniomba."

"Pengine ulikuwa mbali. Pengine mkono haukufika."

"Ulifika."

Kule mbele ya nyumba, ndugu wa mumewe walikuwa wamesimama wanawatazama.

"Fundo ulifungua wewe?"

"Nilifungua mimi."

"Ukakitoa kisu, akanyoosha mkono, na wewe hukumpa."

"Sikumpa mkononi."

"Kwa ajili ya hatua tatu za shamba!" Anyesi alisimama. "Mungu wangu, Elisha. Hatua tatu!"

Alishageuka kuwaita wale wanaume Elisha alipoanza kusema, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Tulipatana asubuhi ile, dada. Majini, hakuna aliyeona. Alinianza yeye, na mimi ni mdogo kwake. Akasema shemeji, yaishe, tusije tukawarithisha watoto ujinga. Tukacheka sana. Nilikuwa nimesahau anavyocheka."

Anyesi alibaki amesimama.

"Ukimpa mtu kisu mkononi mtagombana, si ndivyo tulivyofundishwa? Nikakiweka ubaoni kati yetu akichukue mwenyewe, kikateleza majini. Sikutaka tugombane tena."